Kuchoka na Kuchafuka: Umeme Unavyoisoma Oili ya Injini

Katika Kiswahili chetu neno "mafuta" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mawese ya kupikia ni mafuta. Esansi ya pikipiki ni mafuta, mazutu ya lori ni mafuta, na kioevu kile kizito kinachomiminwa ndani ya injini ili vyuma visisagane, nacho ni mafuta. Sokoni Kasongo hakuna anayepotea kwa sababu hiyo, kwani aliyeshika sufuria na aliyeshika funguo za lori hawaombi kitu kimoja. Muktadha unamaliza kazi ambayo neno limeiacha. Taabu huanza pale injekta ya injini ya dizeli inapovuja na mazutu kushuka hadi chini ya injini. Fundi akitaka kueleza kilichotokea atasema "mafuta yameingia kwenye mafuta", na mwenye lori atabaki akimtazama.

Makala haya yanaeleza jinsi umeme unavyotumika kupima hali ya oili ikiwa bado ndani ya injini. Yameandikwa kwa wasomaji wa lugha, si kwa wahandisi, kwa hiyo kila istilahi itafafanuliwa. Hoja yetu ni moja. Kihisio cha umeme hakimwambii mtu oili ina nini. Kinampa namba, na namba hiyo, kama neno "mafuta", ina maana zaidi ya moja. Kinachoitafsiri ni muktadha. Anayelijua jambo hilo anaweza kuokoa injini. Asiyelijua anaweza kuiua huku akitazama namba nzuri.

Injini zilizo mbali na maabara

Barabara kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na kutoka huko kuelekea Lulimba na upande wa Fizi, ni ya udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu. Wakati wa mvua ni tope, na bonde la mto Luama lina vijito vingi vya kuvuka. Pikipiki ndizo zinazobeba abiria, wagonjwa na magunia. Pikipiki ya kawaida ya silinda moja ina oili kama lita moja tu, na lita hiyohiyo hulainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Jenereta, ambayo wengi huku huiita grupu, huwasha taa za chumba cha upasuaji, huzungusha mashine za kusaga unga na huchaji simu za mtaa mzima. Injini ikifa, hasara haiishii kwenye chuma.

Eneo hili limewahi kuwa na injini kubwa pia. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila katika eneo la Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada, na kazi ikasimamishwa Septemba 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Migodi ya namna hiyo huendeshwa kwa mitambo mikubwa ya dizeli. Duniani, katika migodi mingi, ni desturi kuchota sampuli ya oili kila baada ya saa 250 au 500 za kazi na kuipeleka maabara. Huko huipima kwa mwanga kujua ina metali gani, kisha hupima mnato, maji na asidi.

Hiyo ndiyo njia kamili kuliko zote, lakini inadai barabara. Chupa ya sampuli inayotoka Salamabila lazima ipite njia ileile inayopitwa na gunia la chumvi, kisha jibu lirudi. Injini iliyoingiwa na maji leo haiwezi kungoja. Ndiyo maana wazo la kuweka kipimo ndani ya injini yenyewe lina uzito zaidi Kabambare kuliko katika mji wenye maabara mtaa wa pili.

Vitenzi viwili

Oili huharibika kwa njia mbili, na Kiswahili tayari kina vitenzi viwili vinavyozitenganisha vizuri: oili huchoka, na oili huchafuka.

Kuchoka ni mabadiliko ya oili yenyewe. Joto kali na hewa husababisha oksidisho, yaani molekuli za oili hushikana na oksijeni na kuzaa asidi na masalia yanayonata. Wakati huohuo kemikali za ziada alizotia mtengenezaji zinaendelea kutumika hadi kuisha. Baadhi yake zilikuwa za kuzimua asidi, nyingine za kushikilia masizi yasigandamane, nyingine za kuweka utando wa kinga juu ya chuma.

Kuchafuka ni kuingiliwa na kitu kigeni. Kinaweza kuwa maji ya mvua au ya kijito, maji ya rejeta yenye glikoli yaliyopita kwenye gasketi iliyopasuka, mazutu ya injekta inayovuja, masizi ya moshi, vumbi lililopenya chujio bovu la hewa, au vipande vya chuma vilivyotoka kwenye injini yenyewe.

Tofauti hii ni ya vitendo, si ya kamusi tu. Oili iliyochoka dawa yake ni kuimwaga na kutia mpya. Oili iliyochafuka, ukiimwaga bila kuutafuta mlango ulioingiza uchafu, ile mpya nayo itachafuka vilevile, na fedha yake itakuwa imepotea. Neno "mbaya" linaficha tofauti hiyo. Rangi nayo inaificha. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kutiwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Weusi peke yake si ugonjwa. Kwa upande mwingine, oili ya pikipiki inaweza kubaki na rangi nzuri ya asali huku imezimuliwa na esansi.

Ipo pia taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili, ambayo madereva wengi huichukulia kama msemaji wa oili. Taa hiyo kwa kawaida imeunganishwa na swichi ya shinikizo. Inapowaka injini ikiwa inazunguka, maana yake ni kwamba oili haisukumwi vya kutosha, na injini inapaswa kuzimwa papo hapo. Inapokuwa imezimika, inasema tu kwamba pampu inasukuma kitu. Haisemi kitu hicho kimechoka au kimechafuka. Kujua hayo kunahitaji kipimo cha aina nyingine.

Kapasita iliyojazwa oili

Chukua mabamba mawili ya chuma, uyaweke yakitazamana bila kugusana, kisha uyaunganishe na chanzo cha umeme. Chaji itajikusanya juu ya mabamba hayo. Kifaa cha namna hiyo huitwa kapasita, na kiasi cha chaji kinachoweza kushika kwa kila volti huitwa kapasitansi. Kiasi hicho hutegemea mambo matatu: upana wa mabamba, umbali kati yao, na kitu kilichojaza nafasi ya katikati.

Jambo la tatu lilichunguzwa na Michael Faraday, Mwingereza, katika miaka ya 1830. Aligundua kwamba kubadilisha kitu kilicho katikati hubadilisha kiasi cha chaji kinachoshikwa. Alihitaji jina la kitu kisichopitisha umeme lakini kinachoruhusu nguvu yake kufanya kazi kupitia ndani yake, na aliyempa jina hilo ni msomi William Whewell, ambaye pia alimsaidia kupata maneno mengine tunayoyatumia hadi leo, kama ioni, anodi na kathodi. Whewell alichukua kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya "kupitia" na kuunda neno ambalo kwa Kiswahili tunaliandika dielektriki. Kwa wasomaji wa kitivo chetu ni vyema kukumbuka kwamba elimu ya umeme, tangu utoto wake, ilimhitaji mtu wa kuunda maneno.

Kila kitu kina kiwango chake cha dielektriki, yaani idadi ya mara ambazo kinaongeza kapasitansi kikilinganishwa na nafasi tupu. Oili safi ya injini ina kiwango cha karibu 2.2. Maji yana karibu 80. Tofauti inatokana na umbo la molekuli: molekuli ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya na mwingine wenye chaji hasi, kwa hiyo umeme unapoiita inageuka na kujipanga. Molekuli nyingi za oili hazina pande hizo, na kwa hiyo haziitiki sana. Asidi na masalia ya oksidisho yana pande hizo kwa kiasi fulani, ndiyo maana oili inayochoka nayo huinua kiwango chake polepole.

Sasa kihisio kinaeleweka. Mabamba mawili, au mirija miwili iliyo mmoja ndani ya mwingine, huzamishwa ndani ya oili. Oili inakuwa ile dielektriki ya katikati. Ikibadilika, kapasitansi hubadilika, na chombo cha elektroniki huisoma. Hakuna kinachozunguka wala kinachochakaa kwa kusuguana.

Hesabu ndogo yenye onyo kubwa

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye siri ya somo zima. Tuseme mabamba yana upana wa sentimita 10 za mraba na yako umbali wa nusu milimita. Yakiwa hewani yatakuwa na kapasitansi ya pikofaradi 18 hivi. Pikofaradi ni sehemu moja ya faradi iliyogawanywa mara milioni ya milioni, na faradi yenyewe imepewa jina la Faraday. Yakizamishwa ndani ya oili safi, yatapanda hadi karibu pikofaradi 39.

Tuseme maji kiasi cha asilimia 1 yameingia na kutawanyika kwa matone madogo sana. Mtu angetazamia mruko mkubwa, kwa kuwa maji yana 80 na oili 2.2. Lakini matone yaliyotengana hayafanyi kazi hivyo. Kiwango cha mchanganyiko hupanda kwa takribani asilimia 2.8 tu, yaani kutoka pikofaradi 39 hadi 40. Na asilimia 1 ni maji mengi mno. Kwa injini ya dizeli, asilimia 0.2 tayari huhesabiwa kuwa hatari. Maji ya kiasi hicho yanasogeza kipimo kwa pikofaradi 0.2 hivi.

Tuongeze joto. Oili ikipata joto hupanuka, kwa hiyo molekuli zinazobaki kati ya mabamba ni chache zaidi. Kiwango cha dielektriki hushuka kwa takribani asilimia 0.05 kwa kila nyuzi moja ya joto. Injini inapotoka nyuzi 30 asubuhi hadi nyuzi 90 ikiwa kazini, kipimo hushuka kwa asilimia 3. Linganisha namba hizo mbili: joto la kawaida la kazi linakishusha kipimo kwa kiasi kilekile ambacho asilimia 1 ya maji inakipandisha. Mtu akipima oili ya jana ikiwa baridi na ya leo ikiwa moto, maji yatajificha nyuma ya joto na namba itasema hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo kipimo cha dielektriki kisichoambatana na kipimo cha joto hakina maana yoyote. Ni kama neno lililong'olewa kutoka kwenye sentensi. Kila kihisio cha kweli cha aina hii kina kipimajoto pembeni, na anayetaka kujitengenezea chake aanze na kipimajoto.

Umeme unaopenya

Njia ya pili ni kupima upitishaji umeme. Oili karibu haipitishi umeme kabisa, lakini neno "karibu" ni muhimu. Zile kemikali za ziada huleta ioni, chembe zenye chaji, ambazo husogea polepole kati ya mabamba na kubeba mkondo mdogo sana. Maji, asidi na masizi huongeza mkondo huo.

Njia hii nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni joto tena, na safari hii kwa nguvu zaidi: oili ikipata joto huwa nyepesi, ioni zinatembea kwa urahisi, na upitishaji huongezeka mara nyingi. Mtego wa pili ni kwamba kipimo hakiendi upande mmoja. Kemikali za ziada zinapotumika, upitishaji unaweza kushuka kwanza; baadaye asidi na uchafu vinapojaa, unapanda tena. Namba ileile inaweza kutokea mara mbili katika maisha ya oili moja. Mtu akikuambia kwa simu kwamba yuko katikati ya mlima, bado hujui kama anapanda au anashuka. Itabidi umuulize alikuwa wapi saa moja iliyopita.

Ili kupunguza utata huo wahandisi hubadilisha kasi ya umeme wanaoupeleka. Umeme unaogeuza mwelekeo polepole, mara chache kwa sekunde, huzipa ioni nafasi ya kutembea, kwa hiyo unaeleza zaidi habari za upitishaji. Umeme unaogeuka mara maelfu au mamilioni kwa sekunde hauzipi ioni nafasi; unaeleza zaidi habari za molekuli zinazogeukageuka mahali pake, na za masizi. Oili ileile ikiulizwa kwa kasi kadhaa hutoa majibu kadhaa, na majibu hayo yakisomwa pamoja yanatenganisha maji na masizi vizuri kuliko namba moja.

Mafuta ndani ya mafuta

Turudi kwa fundi aliyesema mafuta yameingia kwenye mafuta. Je, umeme unaweza kumsaidia kusema vizuri zaidi? Jibu linashangaza. Mazutu yana kiwango cha dielektriki cha karibu 2.1, na oili 2.2. Yakiingia kwa asilimia 5, ambayo ni hatari kwa sababu oili inakuwa nyepesi na utando wake kati ya vyuma unakonda, kipimo kinashuka kwa asilimia 0.2 tu. Hiyo ni sawa na joto kubadilika kwa nyuzi nne au tano. Kwa kihisio cha kapasitansi, mazutu na oili ni karibu kitu kimoja.

Kwa maneno mengine, umeme nao una neno moja la "mafuta". Katika gereji zetu utata wa Kiswahili huondolewa kwa kuazima: mtu anasema esansi au mazutu, na oili inabaki na jina lake. Umeme hauna wa kumwazima isipokuwa vipimo vingine, na kwa tatizo hili kipimo kinachofaa ni mnato. Hivyo mwenye kihisio cha umeme asiye na kipimo cha mnato anaweza kuambiwa kwamba oili iko salama wakati beringi za injini zinaanza kugusana na krenki.

Chuma kinachohesabiwa

Uchafu wa chuma una njia yake. Oili ikipitishwa katikati ya koili yenye umeme unaobadilika, kila kipande cha chuma kinachopita huitikisa koili hiyo. Vipande vya chuma cha kawaida na vipande vya shaba hutoa mitikisiko ya pande tofauti, kwa hiyo chombo kinaweza kukisia kama kinacholika ni gia au beringi. Njia iliyo rahisi zaidi ni sumaku yenye ncha mbili zilizoachana kidogo: vipande vya chuma vikinaswa na kujaza mwanya, umeme unapita na taa inawaka. Injini za ndege na helikopta zimetumia njia hiyo kwa miaka mingi, na rubani anayeiona taa hiyo hutua.

Hata bila umeme, kifuniko cha kumwagia oili chenye sumaku humwonyesha fundi unga wa chuma kila anapoibadilisha. Unga laini kama wa mkaa ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho ni habari mbaya.

Magari yanayopima na magari yanayokisia

Msomaji anaweza kuuliza kama magari ya kisasa hayajalimaliza suala hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilianza kuuza magari yenye kihisio kinachopima dielektriki ya oili. Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, General Motors ya Marekani ilikuwa imechukua njia nyingine: kompyuta huhesabu mizunguko ya injini na joto lake, kisha hukisia maisha yaliyobaki bila kuigusa oili yenyewe. Magari mengi yanayotangaza "maisha ya oili" kwenye dashibodi hufanya hesabu ya aina hiyo ya pili.

Hesabu hiyo inakisia kuchoka, kuchafuka haikuoni. Inadhani kwamba oili iliyotiwa ni ile iliyopendekezwa, kwamba chujio la hewa ni zima, na kwamba gari halikuzama hadi kwenye ekseli kijitoni. Kwa barabara ya Kabambare hayo ni madhanio makubwa.

Hata kihisio cha kweli kina sharti lake. Oili za nembo mbalimbali zina viwango tofauti tangu zikiwa mpya, kwa sababu kemikali zake za ziada hazifanani. Kwa hiyo kipimo hulinganishwa na oili ileile ilivyokuwa siku ilipotiwa, si na namba ya kitabuni. Dereva akiongeza nusu lita ya nembo nyingine njiani, mstari wa kuanzia umesogea, na lazima upimwe upya. Kinachosomwa ni mwenendo, siku hadi siku. Namba ya siku moja haitoshi kuhukumu.

Vipimo vya mkono vinavyosaidiana na umeme

Kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachotosha, inafaa kujua vile visivyogharimu kitu, ambavyo vinaziba mapengo ya umeme.

Cha kwanza ni kijiti cha kupimia oili. Oili haizai. Ikipanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, kuna kitu kimeingia, ama mazutu ama maji. Hapo ndipo penye upofu mkubwa wa kapasitansi, na kijiti kinapaona.

Cha pili ni tone juu ya bati la moto. Bati likiwa na joto la nyuzi 150 hivi, tone la oili safi hutulia, na tone lenye maji hutoa povu na kupasukapasuka kwa sauti. Tone liwe dogo na uso uwe mbali, kwani linaruka na kuunguza. Kipimo hiki hutambua maji ya kiasi cha asilimia 0.1, kabla oili haijawa na rangi ya chai ya maziwa.

Cha tatu ni tone juu ya karatasi ya kunyonya. Liache usiku mzima likiwa mlalo. Masizi yakisambaa taratibu kutoka katikati kwenda nje, zile kemikali za kuyashikilia bado zinafanya kazi. Yakibaki yamejikusanya katikati kama doa la wino lenye ukingo mkali, oili imechoka. Pete pana iliyo nyepesi nje kabisa huashiria mazutu.

Tuongeze onyo kuhusu jenereta za akiba, zile zinazowashwa dakika kumi kwa wiki ili kuhakikisha kwamba zinawaka. Injini hiyo haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaozaliwa ndani yake, kwa hiyo maji yanajikusanya kidogo kidogo ingawa haijafanya kazi. Ikiwashwa kwa majaribio, ipewe mzigo na muda hadi ipate joto kamili.

Kazi inayobaki kwa watu wa lugha

Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Injini zilikuja baadaye, na maneno yake yakaja na Kifaransa. Leo vifaa vingine vinafika na maandishi ya Kiingereza au Kichina. Onyo ambalo mwendeshaji hawezi kulisoma ni sawa na taa isiyo na waya. Kuna mambo matatu ambayo kitivo cha lugha kinaweza kuyafanya bila kungoja mhandisi.

La kwanza ni kuchagua istilahi zisizogongana. Wengine huandika "sensa" kwa kifaa cha kuhisi, lakini sensa kwetu ni hesabu ya watu. "Kihisio" ni neno salama. "Kuchoka" na "kuchafuka" yawe maneno mawili yenye maana mbili, yasitumiwe kwa kubadilishana. "Mafuta" yaachwe kwa mazungumzo ya kawaida, na katika daftari la injini iandikwe oili, mazutu au esansi.

La pili ni sarufi ya daftari lenyewe. Mtu akiandika "oili imebadilika saa 250", je, hali yake iligeuka au ilimwagwa ikatiwa mpya? Tofauti kati ya kubadilika na kubadilishwa, ambayo mwanafunzi huifanyia zoezi la unyambulishaji darasani, hapa inaweza kugharimu injini nzima. Ni afadhali kuandika "oili imetiwa mpya" na "kipimo cha oili kimepanda".

La tatu ni sura ya ujumbe. Kifaa kinachoandika "OILI MBAYA" kimetoa hukumu bila ushahidi, na msomaji wa makala haya sasa anajua kwamba hakina haki ya kusema hivyo. Ujumbe unaofaa ungesema: "Kipimo kimepanda asilimia 3 tangu oili itiwe mpya, joto likiwa nyuzi 80. Angalia kijiti, kisha jaribu tone juu ya bati." Sentensi hizo zina namba, joto, historia na hatua ya kuchukua. Zinamwachia fundi nafasi ya kutumia akili yake.

Daftari la kurasa chache lililofungwa kwa uzi kwenye jenereta, lenye safu nne, tarehe, saa za kazi, joto na kipimo, litaipa namba ya kihisio muktadha unaoikosa. Na mahali ambapo kihisio bado hakijafika, safu ya nne ijazwe kimo cha oili kwenye kijiti na jibu la tone. Likiandikwa kwa Kiswahili ambacho mlinzi wa usiku na daktari wa mchana wanakielewa kwa namna moja, litaonyesha mapema jambo ambalo vinginevyo lingejulikana siku taa za chumba cha upasuaji zinapozimika.